Vidonge viwili kwa siku, na sitaomba radhi

Jumamosi, saa sita na nusu usiku. Umeme umerudi, mbu wapo, na jirani wa chumba cha pili anapiga taarabu kama vile UE haianzi wiki ijayo.

Wadau, leo sina habari za kafeteria wala za bumu kuchelewa. Leo nina hasira. Nimejaribu kulala nayo siku tatu imekataa, kwa hiyo naimwaga hapa.

Jumatano mchana mwenzangu wa chumbani alikuwa anatafuta chaja kwenye droo yangu. Hakuna ubaya, tunachangia kila kitu, mpaka kandambili. Akakuta kikopo cha dawa. Kimebandikwa kikaratasi cha famasi: 1 x 2, yaani kimoja asubuhi kimoja jioni. Hakusoma jina la dawa, au alisoma likampita. Akakaa kitandani kwangu, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya msibani: "Pole shosti wangu. Umeanza lini dozi?"

Nyie mnajua hapa kwetu "kuanza dozi" maana yake nini. Nikamwambia siyo hiyo. Akasema "najua, najua", vile mtu anavyosema akiwa hajui na hataki kujua. Ijumaa asubuhi, kwenye foleni ya maji, dada mmoja wa ghorofa ya juu ambaye hata jina langu halijui vizuri akaniuliza kama ningependa kuombewa. Siku mbili tu! Matokeo ya testi huku kwetu yanachukua wiki sita, ila droo yangu ilisambaa ghorofa nne kwa siku mbili.

Basi ngoja niwapunguzie kazi wambea. Nina hepesi ya sehemu za siri. Wengine wanaita malengelenge ya sehemu za siri. Siyo UKIMWI, na hata ingekuwa UKIMWI ile sauti ya msibani isingekuwa na kazi yoyote, maana wenye VVU wanaomeza dawa zao vizuri wanaishi, wanasoma, wanazaa na wanatuzidi GPA. Mimi nameza kidonge mara mbili kwa siku ili malengelenge yasinitoke kila mwezi. Nimeamua mwenyewe baada ya kufikiri, na ninachotaka kusema leo ni kimoja: kidonge cha kila siku siyo hati ya kukiri kosa. Ni dawa. Anayepaswa kuamua kama inafaa ni mgonjwa na tabibu wake, siyo korido.

Nianze mwanzo.

Mwaka jana, katikati ya semista, niliamka na homa, mitoki imevimba, na huko chini panachonyota kiasi kwamba kwenda haja ndogo nilikuwa naenda nikilia. Nikajikaza nikaenda zahanati ya chuo. Nilikaa foleni tangu saa mbili mpaka saa saba. Nilipoingia, tabibu hakuinua macho kwenye karatasi. "Unasikia nini?" Nikaeleza nusu, nusu nikaimeza kwa aibu maana mlango ulikuwa wazi na kuna vijana wawili wa uhandisi wamekaa pale nje. Akaandika. UTI. Nikapewa vidonge vya siku saba.

Ikaisha yenyewe kwa wiki mbili hivi, nikajua dawa imefanya kazi. Baada ya wiki tano ikarudi. Nikaambiwa UTI sugu. Nikachomwa sindano tano. Ikaisha, ikarudi. Nikaambiwa fangasi, nikapewa dawa ya kupaka. Ikarudi. Mara ya nne nesi, mama mtu mzima, akaniambia mbele ya wenzangu: "Binti, wewe mbona kila mwezi? Tulia basi." TULIA BASI! Kama vile virusi vinasoma ratiba ya mtu kutulia au kutotulia.

Nataka mlione hili vizuri, maana ndipo hasira yangu ilipo. Mara nne zote hakuna aliyeniangalia. Vidonda vya hepesi vinaonekana kwa macho: malengelenge madogo madogo yamekaa kwa kundi, yanapasuka, yanakuwa vidonda, yanakauka. Kama una mashaka, unachukua majimaji ya kidonda yakapimwe. Ila lazima kwanza umwambie mgonjwa apande kitandani umwangalie. Aliyenifanyia hivyo ni nesi wa hospitali nyingine kabisa, nilipokwenda nyumbani likizo. Alivuta pazia, akavaa glavu, akaangalia kwa dakika moja, akasema kwa upole: "Mwanangu, hii siyo UTI. Umeteseka bure." Nililia pale, jamani. Sikulilia ugonjwa. Nililia zile dakika moja ambazo watu wanne walishindwa kunipa.

Sasa nicheke kidogo mwenyewe. Mimi nasomea ualimu wa Biolojia na Kemia. Kwenye mada ya virusi nilipata A. Naweza kukuchorea kirusi cha DNA ubaoni na ganda lake bila kuangalia kitabu. Ila tangu sekondari nilivyofundishwa magonjwa ya zinaa ilikuwa kaswende, kisonono, UKIMWI, haya funga daftari. Hepesi ilikuwa neno tu kwenye orodha, la kukaririwa siku ya mtihani. Kumbe ndiyo yenye watu wengi! Desemba 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba watu kama milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana hepesi ya sehemu za siri. Ni zaidi ya mtu 1 kati ya 5. Kama wastani huo wa dunia ungekuja kukaa kwenye ukumbi wetu wa viti 300, zaidi ya viti 60 vingekuwa vya kwetu. Na wengi wao hawajui, maana kwa watu wengi dalili huwa ndogo sana au hazipo kabisa.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kuniombea, asante, ila hesabu kwanza viti vya mstari wako.

Virusi hivi vikishaingia haviondoki. Vinapanda kwenye neva na kujificha kwenye vifundo vya neva karibu na chini ya uti wa mgongo. Vinalala huko. Siku mwili ukichoka, ukiugua, ukikaribia hedhi, au bila sababu yoyote ya maana, vinaamka na kushuka kwa njia ileile. Mimi huwa najua siku moja kabla: paja la kushoto linakuwa kama sisimizi wanatembea ndani, na makalio yanauma kama nimekaa kwenye kigoda siku nzima.

Nesi yule alinipa ushauri ambao naona ni bora kuliko dawa zote nilizomeza kabla: "Andika." Nikanunua daftari dogo. Kila ikitoka naandika tarehe, imekaa siku ngapi, na siku hizo nilikuwa nafanya nini. Miezi kumi na miwili, mara nane. Mara mbili kwenye mitihani. Mara moja nikiwa mazoezi ya kufundisha, wiki ambayo msimamizi anakuja kukukagua darasani. Nilisimama dakika 80 mbele ya kidato cha pili nikiwa natembea kama bata, na msimamizi akaandika kwenye fomu kwamba mwalimu "hajiamini akiwa darasani". Mwalimu anajiamini sana, mzee wangu. Mwalimu alikuwa ana vidonda.

Mara nane, kila mara siku sita au saba. Pigeni hesabu: karibu siku 50 za mwaka. Hiyo ni karibu nusu ya semista.

Sasa matibabu yako ya aina mbili, na hapa naomba mnisikilize maana hili halisemwi kabisa huku chuoni. Ya kwanza, unasubiri itoke ndiyo unameza, dawa ya siku chache tu. Ya pili, unameza kila siku ili isitoke, au itoke mara chache. Dawa ni ileile, asaikloviri. Ipo pia nduguye valasaikloviri, ambayo kwa wengi inatosha kumeza mara moja kwa siku, ila kwa mfuko wangu wa mwanachuo asaikloviri ndiyo inayoshikika.

Njia ya kwanza siyo mbaya. Kwa mtu anayetokwa mara moja au mbili kwa mwaka ndiyo yenyewe, na simwambii amemeze kila siku. Ila ina sharti: uanze mapema, ndani ya siku moja tangu dalili, ikiwezekana paja linapoanza kusisimka, hata kabla lengelenge halijaonekana. Ukichelewa unapunguza kidogo sana au hupunguzi kitu. Haya, niambieni: kwa zahanati yetu ya foleni ya saa tano, na kadi ya bima ambayo mara mtandao uko chini, mara dawa haipo kanunue nje, mara daktari katoka rudi kesho, nani atapata kidonge ndani ya siku moja? Nilijaribu mara tatu. Mara zote tatu nilikipata kidonge wakati vidonda vinakauka. Dawa ya namna hiyo lazima uwe nayo kwenye droo kabla hujaumwa. Nikaomba niandikiwe ya akiba. Nikajibiwa: "Hatutoi dawa kwa mtu mzima. Ukiumwa njoo."

Ukiumwa njoo. Halafu ukija wanasema mbona kila mwezi. Nani ananielewesha hii?

Hapo ndipo nilipofungua mada ya kumeza kila siku. Siyo wazo langu la kichwani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema kwamba mtu ambaye inamrudia mara kwa mara, kama mara nne hadi sita kwa mwaka au zaidi, au inamtesa sana, au inamnyima raha, afikiriwe kupewa dawa ya kila siku badala ya kusubiri kila tukio, kisha baada ya mwaka mmoja aangaliwe upya kama bado anaihitaji. Asaikloviri miligramu 400 mara mbili kwa siku. Ndiyo hiyo kwenye kikopo changu. Mimi ni mara nane. Hata kama hesabu siyo somo lako, nane ni zaidi ya sita.

Na inafanya kazi. Tafiti zinaonyesha dawa ya kila siku inapunguza kurudi kwa ugonjwa kwa asilimia 70 hadi 80 kwa watu wa aina yangu. Mimi ninamaliza mwezi wa tano. Imetoka mara moja, siku tatu, kwa uchache ambao zamani nisingeuandika hata kwenye daftari.

Sasa nizijibu hoja za korido moja moja, maana nimezisikia zote.

"Utazoea dawa, halafu isikufanyie kazi." Kwa mtu mwenye kinga nzuri ya mwili, usugu wa virusi hivi kwa dawa hii ni nadra sana. Hii siyo dawa ya kuua bakteria mnayomeza nusu dozi kila mkipiga chafya. Watu walifuatiliwa wakimeza kila siku mpaka miaka sita ikaonekana salama. Na namna inavyofanya kazi ni nzuri mpaka raha, ruhusuni mwalimu mtarajiwa afundishe kidogo: asaikloviri ni kama tofali feki. Inakaa imelala mwilini mpaka ikutane na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, hicho ndicho kinachoiamsha. Kirusi kikijaribu kujenga DNA yake, kinaweka tofali feki na ukuta unaishia hapo. Seli ambazo hazina kirusi zinaguswa kidogo sana. Kirusi kinajifunga kamba chenyewe!

Mmoja wa waliotuletea dawa hii ni mama Gertrude Elion wa Marekani. Kabla ya maabara kumpokea alifundisha kemia na fizikia shule za sekondari huko New York. Mwalimu mwenzetu! Hakuwahi kupata PhD ya kusomea, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na George Hitchings na James Black. Kila asubuhi nikimeza namsalimia: shikamoo mwalimu.

"Itakumaliza figo." Hii hoja ina mguu mmoja wa kweli, nauheshimu. Dawa hutolewa mwilini kupitia figo, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo dozi yake hupunguzwa, na kila mtu anywe maji ya kutosha. Ndiyo maana mnaona natembea na chupa ya lita moja na nusu. Ndiyo maana pia sikujiandikia mwenyewe, nilikwenda kwa daktari, akaniuliza maswali, akaniandikia. Na wewe usichukue dozi yangu ukaifanya yako kwa sababu umeisoma hapa. Ila kama figo zinakuhangaisha kiasi hicho, tuanzie na zile dawa za maumivu mnazotafuna kama karanga kila wiki ya UE.

"Kuna dawa ya asili inamaliza kabisa." Huyu muuzaji yupo pale karibu na kituo cha daladala, ana spika na chupa za kijani. Nilimpelekea pesa yangu ya wiki mbili, nakiri, kabla sijajua. Alisema siku 21 itatoka mwilini yote kwa mkojo. Siku ya 19 nikatokwa. Nikarudi, akaniambia sikufuata masharti, nilikula samaki. Jamani, mpaka leo hakuna dawa duniani inayoviondoa virusi hivi mwilini. Anayekuuzia "kumaliza kabisa" anakuuzia aibu yako mwenyewe ikiwa kwenye chupa. Anajua huwezi kwenda kumshtaki, maana utaanza kwa kusema nini?

"Aache zinaa tu." Haya. Hoja hii huja kwa sauti ya upole na Biblia au Msahafu mkononi, na sitaki kugombana na imani ya mtu, mimi mwenyewe ni mtu wa ibada. Ila nieleze: nikiacha leo mpaka kufa, virusi vitatoka kwenye neva? Wapo walioipata kwa mume wa ndoa waliyefungishwa nae na mchungaji au shehe. Wapo walioipata kwa mtu mmoja tu maishani. Na hepesi ya midomoni, ambayo wengi waliipata utotoni kwa busu la shangazi, nayo inaweza kuhamia huko chini. Ushauri wa kuacha unaweza kukufaa wewe ambaye hujaambukizwa. Kwangu mimi mwenye kidonda leo ni sawa na kumwambia mtu aliyevunjika mguu aangalie ngazi.

"Wanaomeza kila siku ni wale wa UKIMWI." Hili ndilo la korido yetu, na hapa nina jambo linaloniuma. Mnajua ni akina nani walimeza dawa hii kila siku kwa ajili ya utafiti? Dada zetu. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kaskazini magharibi mwa Tanzania, kwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, gesti na sehemu kama hizo. Wana virusi vya hepesi, hawana VVU. Nusu walipewa asaikloviri miligramu 400 mara mbili kwa siku, hiihii ya kwangu, na wengine kidonge kisicho na dawa. Swali lilikuwa kama kutuliza hepesi kutawakinga na VVU, kwa sababu mwenye hepesi ya aina ya pili yuko kwenye hatari ya kupata VVU kama mara tatu ya asiye nayo. Jibu likawa hapana, haikuwakinga. Mwaka 2010 ukaja mwingine mkubwa wa wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwenzie hana, nchi saba za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda na kwetu. Dawa ilipunguza vidonda vya sehemu za siri kwa asilimia 73. Maambukizi ya VVU haikuyapunguza.

Kwa hiyo nasema wazi: kidonge changu si kinga ya VVU, na asije mtu akadanganyika. Lakini angalieni upande wa pili. Wahudumu wa baa wa Kanda ya Ziwa walimeza dawa hii miezi na miezi ili dunia ijifunze. Dunia imejifunza, imechapisha, imepandisha watu vyeo. Halafu mimi, mwanachuo wa nchi hiyohiyo, naenda dirishani naambiwa "hiyo dawa ya kila siku ndo nini?" Elimu imetoka kwetu, ikaenda ng'ambo kwa ndege, na kurudi imekosa nauli.

Hoja ya mwisho ni ya marafiki zangu wenyewe, na ndiyo inayonitisha kuliko zote: "Si unameza? Basi huna haja ya kumwambia mtu." Hapana. Hapa nasimama kinyume na watu wa upande wangu. Dawa ya kila siku inapunguza hatari ya kumwambukiza mwenzio, haiiondoi. Utafiti wa mwaka 2004 uliotumia valasaikloviri kwa wapenzi, mmoja anayo mwingine hana, ulionyesha hatari imepungua karibu nusu. Nusu ni nyingi. Nusu siyo yote. Kondomu nayo inapunguza, haifuniki kila mahali. Virusi vinaweza kutoka kwenye ngozi siku ambayo huoni kidonda chochote. Ukiviweka vyote pamoja, yaani dawa, kondomu, na kukaa mbali kabisa paja likianza kusisimka, unamlinda mtu vizuri. Ila mwenzio ana haki ya kuamua akiwa anajua. Mimi nimenyimwa haki hiyo na mtu. Sitaipora kwa mwingine eti kwa sababu nina kikopo.

Nilimwambia. Yule mnayemjua, wa kozi ya jirani. Nilimwambia tumekaa kwenye ngazi za maktaba, nikiwa nimeandika pointi kwenye kiganja kama lesoni plani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama maji yangu ya kunywa yamebaki, akanywa, akaondoka. Siku kumi na moja kimya. Siku ya kumi na mbili akanitumia ujumbe: twende tukapime wote, kila kitu. Tukaenda. Majibu yake ni yake, siyaandiki. Tunaongea. Sijui itaishia wapi na sitawadanganya kwamba mapenzi yameshinda. Ila najua zile siku kumi na moja ndizo zilizokuwa gharama halisi ya ugonjwa huu. Bei ya vidonge 60 kwa mwezi naimudu nikiacha chipsi mayai za usiku. Kuna mwezi famasi walikuwa na za miligramu 200 tu, nikabeba vidonge 120 kama muuza njugu. Hiyo ni mizigo ya kubebeka.

Sasa nadai. Polemiki bila madai ni umbea tu.

Zahanati yetu: mtu akija na kidonda huko chini, fungeni mlango, vuteni pazia, muangalieni. Muwe na asaikloviri dirishani. Anayerudiwa mara chache mwandikieni ya akiba akae nayo. Anayerudiwa mara nyingi mwambieni kwamba kumeza kila siku ni njia ipo, kisha aamue yeye. Muulizeni kuhusu figo na mimba badala ya kumuuliza na nani. Na hilo la mimba ni zito: dada ukiwa mjamzito mwambie mkunga au daktari wako kwamba una hepesi, maana mtoto anaweza kuipata wakati wa kuzaliwa, hasa mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza mimba ikiwa kubwa. Kuna namna ya kumkinga. Ukificha kwa aibu, aibu hiyo anailipa mtoto.

Mama nesi wa "tulia basi": shikamoo. Nimetulia. Virusi havijatulia, ndiyo maana nameza.

Mwenzangu wa chumbani: najua unasoma huku. Sijakasirika na wewe kwa kufungua droo, nimekasirika kwa kutosoma kikaratasi. Kikopo kiko palepale. Soma jina la dawa, halafu niulize chochote. Kama siku moja paja lako litasisimka, mimi ndiye wa kwanza kuamshwa, hata saa tisa usiku.

Na walimu wenzangu watarajiwa: Julai tunasambaa mikoani kwa mazoezi ya kufundisha. Tukifika kwenye mada ya magonjwa ya zinaa, tusiishie kwenye kaswende, kisonono, UKIMWI, funga daftari. Kuna mtoto wa kike au wa kiume kwenye dawati la nyuma ambaye miaka mitano ijayo ataingia chumba cha daktari ambaye hainui macho. Tumpe basi hilo neno, ili aweze kusema mwenyewe: naomba uniangalie.

Mimi nitaliandika ubaoni kwa chaki, herufi kubwa. Safari hii nitasimama wima dakika zote 80.

Haya, saa nane kasoro. Kidonge cha jioni nilishameza, chupa ya maji imebaki robo. Nalala. Kesho kuna kikundi cha kujisomea saa tatu, msichelewe.